Hofu Iliyouzwa Rejareja: Kuanguka kwa Filamu za Kutisha Kanda ya Ziwa

Katika The Prophecy, filamu ya Marekani iliyotoka mwaka 1995, vita vya malaika vinaonekana kwa muda mfupi tu, na vinaonekana ndani ya mgodi. Mpelelezi Thomas Dagget, mtu aliyekusudia kuwa padri kabla imani haijamponyoka, anaingia na mwalimu wa shule katika machimbo ya shaba yaliyotelekezwa huko Arizona. Gizani mle wanafunuliwa uwanja wa vita wa mbinguni, miili ya malaika imechomekwa juu ya miti iliyochongoka. Kisha maono yanakatika. Sehemu kubwa ya filamu ni mazungumzo. Malaika mkuu Gabriel, aliyeigizwa na Christopher Walken, anawaeleza watu kwa nini hawapendi, na sababu yake si dhambi zao. Ni wivu. Kiumbe wa udongo amepewa roho na amependwa kuliko yeye aliyetangulia kuumbwa, na jambo hilo hawezi kulimeza.

Mwandishi na mwongozaji wake, Gregory Widen, ndiye aliyeandika pia hadithi ya Highlander ya mwaka 1986. Alichokigundua katika The Prophecy ni kwamba kitisho cha kweli hakitoki kwenye mbawa wala mapanga. Kinatoka kwenye moyo wa anayeona mwenzake amependelewa.

Mtu aliyeishi kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, Rwamgasa au Kakola hahitaji kufafanuliwa habari hiyo. Maduara mawili, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, yamepishana hatua kumi. Wenye maduara wote wawili wamelipa vijana, wamenunua matimba ya kushikilia kuta, wamelisha watu kwa miezi. Siku ya kupeleka mawe kwenye karasha la kuyasaga, mmoja anaondoka na dhahabu, mwingine anabaki na unga wa kijivu usio na kitu. Mtaalamu wa miamba ataeleza kwamba mshipa ulipinda kabla ya kufika kwa yule wa pili, lakini mtaalamu huyo hayupo, na mashine ya kuchoronga iko ng'ambo ya uzio wa kampuni kubwa. Anayepatikana ni mganga. Kuku au mbuzi anachinjwa mdomoni mwa duara, miiko inatajwa, wanawake wanakatazwa kusogea, na yule aliyekosa anaanza kujiuliza nani kamfunga. Hapo hadithi ya kutisha imekwisha kuanza bila kamera yoyote.

Ndiyo maana anguko la filamu za kutisha za Kiswahili linaniuma zaidi ninapolitazama nikiwa upande huu wa nchi. Zilichanua kuanzia mwaka 2003 hivi, zikauzwa kwa maelfu ya kanda na diski, na baada ya mwaka 2012 zikaanza kunyauka. Zimenyauka bila kuutendea haki mkanda huu wa machimbo unaotoka Mwadui na Kahama hadi Geita, mahali ambapo mambo ya gizani yameua watu wa kweli. Wengi husema zimeuawa na wizi wa kazi za sanaa. Wizi upo na nitaufikia. Ila naamini ugonjwa mkubwa ulikuwa ndani ya filamu zenyewe: ziliuza hofu na hazikuuliza hata mara moja nani ananufaika nayo.

Tuanze na mahali zilipotazamwa, maana bila banda umiza filamu hizi zisingekuwepo. Kwenye makazi ya machimbo banda lilikuwa chumba cha mabati au turubai, mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo, runinga ya chogo imewekwa juu ili walioko nyuma waone, spika mbili zilizopasuka sauti na jenereta inayonguruma nje. Mlangoni kulikuwa na ubao wa chaki ulioandikwa filamu za siku hiyo. Kiingilio kilikuwa sarafu chache. Waliojaa ndani walikuwa vijana waliotoka shimoni, wengi wao wageni wa mahali hapo, wametoka Tabora, Kigoma, Mara na Kagera, hawana mke wala shangazi wa kuwaambia waende kulala. Joto lilikuwa kali na jasho lilinuka, lakini hapakuwa na ukumbi mwingine. Kwa kijana wa rashi, yaani wale wanaohama kila dhahabu inaposikika, banda lilikuwa sinema, redio na baraza kwa pamoja.

Filamu za nje zilifika humo zikiwa zimetiwa sauti ya Kiswahili. Bingwa wa kazi hiyo nchini alikuwa Kapteni Derek Gaspar Mukandala, ambaye watazamaji walimjua kwa jina la Lufufu. Hakutafsiri neno kwa neno. Alisimulia, akakaripia, akaonya, akampa mhusika nasaba ambayo watengenezaji wa filamu hawakuijua. Chini ya sauti za namna hiyo hadithi za mapepo ya Marekani na za Nigeria zilisikika kama habari za mtaa wa pili. Mtazamaji alijifunza kwamba hadithi ya kigeni inaweza kusimuliwa kwa lugha yake na kumgusa. Kutoka hapo ilikuwa hatua fupi kuanza kudai hadithi zake mwenyewe.

Zilikuja. Mussa Banzi alitoa Nsyuka, kisha Shumileta, filamu ya jini wa kike, na watu walizigombania. Popobawa, pepo wa uvumi aliyetikisa Pemba na Unguja mwaka 1995, naye alipata filamu yake. Katika filamu hizi kuna uamuzi mmoja ambao haujasifiwa vya kutosha. Mkristo anaijua Ufunuo sura ya 12, Mikaeli na malaika zake wakipigana na yule joka, kwa hiyo malaika wanaopigana si jambo geni kwake. Kwa Mwislamu hali ni tofauti. Malaika hawaasi, na katika Surat al-Kahf Ibilisi anatajwa kuwa miongoni mwa majini. Filamu ya malaika mwasi ingeanguka mbele ya watazamaji Waislamu kabla haijafika katikati. Watunzi wetu waliliona hilo, wakamweka jini pale ambapo Marekani ilimweka malaika. Jini ana hiari. Anapenda, anachukia, anaoa, anaona wivu. Kwa kazi anayoifanya ndani ya hadithi, Shumileta ni ndugu wa karibu wa yule Gabriel wa Walken. Huo ulikuwa utunzi wa akili, na ulifanywa na watu ambao hawakuwa na studio wala mikopo.

Kasoro ilikuwa kwamba jini wa Pwani alisafirishwa bara kama alivyo, na kila kilichokuwa bara kikaachwa. Wasukuma wana masamva, mizimu ya wazee wanaotaka kukumbukwa na wanaokasirika wakisahauliwa. Wana kisa cha Ng'wanamalundi, ambaye wazee husimulia kwamba alinyoosha kidole na mti ukakauka. Wana Gamboshi, kijiji cha Bariadi ambacho uvumi wa miaka mingi unasema usiku hugeuka jiji lenye magari na taa, ingawa mchana ni kijiji cha wakulima kama vingine. Na wana kitu kinachokaribia mno vita vya malaika: Bagika na Bagalu.

Hawa ni vyama viwili vya ngoma vilivyogawa Usukuma tangu karne ya 19, kimoja kikifuata mkondo wa Ngika na kingine mkondo wa Gumha. Kila mchezaji ana upande wake. Kwenye mashindano pande mbili hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Kwa hiyo kila kundi huwa na mtaalamu wa dawa za kuvuta umati na za kuupooza upande wa pili. Nyoka, fisi na nungunungu wameingizwa katika ngoma hizo, na mashairi ya kejeli hutungwa kwa ajili ya mahasimu. Sherehe za Bulabo pale Bujora, karibu na Mwanza, bado huwakutanisha. Fikiria filamu iliyojengwa juu ya uhasama huo: majeshi mawili yenye nguvu zisizoonekana, yanayogombea macho ya watu. Mtunzi asingehitaji kukopa mbawa kwa mtu yeyote. Mali hiyo imekaa Usukuma vizazi na vizazi, na katika miaka ya mavuno ya filamu wachache mno waliisogelea.

Badala yake tulipata kigezo kimoja, kilichotoka Nigeria kwenye kanda za miaka ya 1990 na kupewa sura ya Dar es Salaam. Familia inapata misiba mfululizo. Kuna mama mkwe, au shangazi, au bibi kizee wa nyumba ya uani. Mganga au mtumishi wa Mungu anatazama na kumtaja. Mtuhumiwa anakana, kisha anaonekana usiku akiwa uchi juu ya ungo, kumbe ni kweli. Mwisho anaungua, anaanguka, anakiri mbele ya watu. Watazamaji wanapiga makofi.

Kigezo hiki kikitazamwa Kinondoni ni burudani tu. Kikitazamwa Shinyanga ni jambo lingine kabisa. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika juu ya mauaji ya watu waliotuhumiwa uchawi, na hesabu alizozitoa zinaonyesha kuwa kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa nchini kwa tuhuma hizo, wengi wao wanawake na wengi wao katika maeneo ya Usukuma. Bibi aliyepikia maisha yake yote juu ya moshi wa kuni mbichi na samadi ana macho mekundu. Macho hayo yakawa ushahidi. Na nyuma ya ushahidi kulikuwa na mlolongo wa fedha: jamaa anayetaka shamba au ng'ombe wa mjane, mpiga ramli anayelipwa kutaja jina, na wakata mapanga wanaolipwa kumaliza kazi. Jina hilo, wakata mapanga, linajulikana na kila mtu kutoka Maswa hadi Sengerema. Ni ajira.

Sasa rudi kwenye kigezo cha filamu. Ramli ikipigwa kwenye filamu, daima inasema kweli. Kijana aliyekaa kwenye benchi la banda umiza anaonyeshwa kwa dakika 90 kwamba mpiga ramli hakosei, kwamba kizee anayekana ni mwongo, na kwamba kifo chake kinaleta amani nyumbani. Sisemi kwamba filamu ziliua watu, maana mauaji yalitangulia filamu kwa miaka mingi. Nasema kwamba zilisimama upande wa mwenye kutuhumu, zikamwachia mpiga ramli heshima yake yote, na hazikumwonyesha hata mara moja akipokea bahasha. Katika nchi ambayo kutajwa jina ni hukumu, huko ni kushindwa kwa sanaa.

Kisha yakaja mauaji ya watu wenye ualbino. Kuanzia mwaka 2006 na 2007 Kanda ya Ziwa ilijulikana duniani kwa jambo hilo. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu wanaume 3 adhabu ya kifo kwa kumuua mvulana mwenye ualbino. Watoto walikusanywa katika kituo cha Buhangija, Shinyanga, wakalindwa mbali na wazazi wao. Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli mwaka 2009, ikapiga tena marufuku mwaka 2015, na Februari ya mwaka huohuo mtoto mdogo mwenye ualbino aliporwa mikononi mwa mama yake wilayani Chato, mkoani Geita, akakutwa ameuawa. Watafiti Deborah Fahy Bryceson, Jesper Bosse Jønsson na Richard Sherrington walichapisha mwaka 2010 utafiti uliounganisha mauaji haya na soko la dawa za bahati katika machimbo madogo. Waganga walikuwa na wateja wapya wenye fedha za ghafla na hofu ya ghafla, na bidhaa ikatafutwa ili kukidhi soko.

Hapo ndipo palikuwa pahala pa filamu za kutisha za Kiswahili. Tanzu hii ndiyo yenye vifaa vya kuonyesha jinsi hofu inavyotengenezwa, inavyowekewa bei na inavyowasilishwa mlangoni. Filamu iliyojulikana zaidi juu ya jambo hilo ilitoka kwa mgeni. White Shadow ya Noaz Deshe, ya mwaka 2013, ilipigwa Tanzania na kuchezwa kwa Kiswahili. Inamfuata kijana mwenye ualbino anayekimbizwa na wawindaji, na ilipata tuzo ya filamu bora ya mwanzo kwenye tamasha la Venice. Haina jini wala malaika, na inatisha kuliko zote. Watazamaji waliopaswa kuiona, wale wa Katoro na Masumbwe, wengi hawajawahi hata kuisikia.

Sasa niseme juu ya biashara, maana hakuna tanzu inayoishi kwa hoja pekee. Filamu zilitengenezwa kwa wiki moja au mbili, mara nyingi katika nyumba moja ya kupanga, na hadithi moja ilikatwa vipande viwili ili mnunuzi alipe mara mbili. Wasambazaji wachache wa Kariakoo, Steps Entertainment ikiwa kubwa kuliko wote, walinunua filamu na haki zake kwa malipo ya mkupuo. Mtunzi aliyelipwa mara moja hana sababu ya kuandika kitu kitakachodumu. Ana sababu ya kuandika kingine wiki ijayo. Mwaka 2013 ulikuja utaratibu wa stempu za kodi kwenye diski, uliokusudiwa kuwabana wezi, lakini wakati huo diski yenyewe ilikuwa imeanza kuaga. Kijana wa Geita alikwenda na flash kwenye kibanda cha mtaani, akawekewa filamu kumi kwa bei ya soda. Aprili 2017 wasanii wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zilizouzwa kwa bei ya kutupa bila kulipiwa kodi. Niliwaelewa. Hata hivyo mteja aliyekuwa akinunua filamu ya nje alikuwa ametoa hukumu yake tayari juu ya ile ya ndani.

Katikati ya habari hii yuko mtoto wa Shinyanga. Steven Kanumba alizaliwa mkoani humo tarehe 8 Januari 1984, akasoma shule ya msingi Bugoyi mjini Shinyanga kabla ya kwenda Dar es Salaam na kujiunga na kikundi cha maigizo cha Kaole. Aliwaleta Wanaijeria kuigiza naye, na mwaka 2011 alicheza na Ramsey Nouah katika Devil Kingdom. Ilikuwa filamu ya nguvu za giza yenye matumaini makubwa kuliko nyingi za wakati wake, na bado iliangalia Lagos badala ya kuangalia nyumbani. Sisemi hivyo kumpunguzia heshima. Alikuwa na umri wa miaka 28 tu alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, na mtunzi wa miaka 28 bado hajafika nusu ya safari. Huenda angerudi siku moja na hadithi ya Mwadui. Badala yake mji ulijaa uvumi kwamba kifo chake kilitokana na wafuasi wa Freemason. Hadithi ya kutisha iliyokuwa imekataa kuchunguza uvumi ilimmeza mwanaye mwenyewe kwa uvumi. Mazishi yake yalihudhuriwa na umati ambao Kinondoni haikuwa imezoea kuuona, na tangu siku hiyo soko halikupata mtu mwingine wa kuvuta wanunuzi kwa jina lake pekee.

Mwenendo huu si wetu peke yetu. The Prophecy nayo ilianguka kwa njia ileile. Ya pili, ya mwaka 1998, na ya tatu, ya mwaka 2000, hazikupelekwa kwenye majumba ya sinema. Zilitolewa moja kwa moja kwenye video. Ya nne na ya tano zote zilitoka mwaka 2005, zikiwa zimepigwa Romania kwa gharama ndogo, na Walken hakuwemo. Majina ya malaika yaliongezeka na mapigano yaliongezeka, lakini lile swali la wivu, lililoishikilia filamu ya kwanza, halikuulizwa tena kwa dhati. Wenye mali waliona kwamba kilichouzwa ni jina na mbawa. Kila tanzu ya kutisha hufika kwenye njia panda hiyo: ama irudi kwenye kile kinachowatisha watu kweli, ama irudie alama zake mpaka zichakae. Tofauti ni kwamba Hollywood ilikuwa na filamu nyingine elfu za kuegemea, sisi tulikuwa na mlango mmoja.

Siku hizi mabanda ya Kahama na Katoro yanaishi kwa mpira wa Ulaya. Wanaotaka hadithi wana ving'amuzi na simu. Tamthilia za Azam na za Maisha Magic Bongo zimewapa wasanii mshahara wa uhakika kuliko wakati wowote, na hilo ni jema. Lakini tamthilia hulipwa kwa kipindi na hupigwa haraka, sebuleni, watu wamekaa kwenye makochi wakigombana juu ya mirathi na michepuko. Filamu ya kutisha inataka giza lililotengwa kwa uangalifu, inataka sauti, inataka subira ya dakika tatu ambamo hakuna kinachotokea. Hakuna mhasibu wa kituo anayependa kulipia dakika hizo.

Na hofu yenyewe haikupungua. Imehamia kwenye simu, kwenye vipande vya mahubiri vinavyoonyesha mtu akikiri kwamba alikuwa malkia wa chini ya bahari, vita vya malaika na mapepo vikitangazwa kwa dakika mbili, na jina la jirani likitajwa mwishoni. Hakuna mwandishi anayewajibika kwa hadithi hizo, na hakuna Bodi ya Filamu inayozipitia. Zina kigezo kilekile cha zamani, isipokuwa sasa mtuhumiwa ni mtu wa kweli mwenye anwani. Filamu ya kutisha iliyo imara ingekuwa mahali pa kuyapima mambo haya kwa utulivu. Haipo, na pengo lake linaonekana.

Mwezi Oktoba 2015 shimo liliporomoka Nyangalata, wilayani Kahama. Wachimbaji 5 walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Waliishi kwa mende, vyura, magome ya miti na maji yaliyochuruzika kwenye mwamba, na mwenzao mmoja alifia mlemle. Nikikitafakari kisa hicho naona kila kitu ambacho tanzu hii inakihitaji. Kuna giza, kuna sauti zinazoitana, kuna swali la nani atakufa na nani ataishi, na kuna jamaa huko juu waliokwisha kuwalilia. Mtunzi anaweza kuwaleta hata malaika na masamva ndani ya shimo lile, kwa kuwa mtu aliyekaa gizani siku 41 ana haki ya kuona chochote. Kinachotakiwa ni kuwauliza waliokaa, na kuwasikiliza kabla ya kuandika.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Sheria ya madini, baada ya marekebisho ya mwaka 2017, inataka kampuni za uchimbaji ziwe na mpango wa mwaka wa huduma kwa jamii unaoidhinishwa na halmashauri. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati Geita na Msalala, na ziendelee kujenga. Madiwani watenge fungu dogo la mafunzo ya uandishi na upigaji filamu kwa vijana wa Geita, Kahama na Shinyanga, pamoja na ukumbi mmoja wenye skrini safi na umeme usiokatika. Kila mwaka Geita hufanya maonesho ya teknolojia ya madini pale Bombambili. Usiku mmoja wa maonesho hayo utatosha kuanzia. Na wewe kijana unayeandika mswada wako sasa hivi, ukimweka bibi mwenye macho mekundu ndani ya hadithi, msimuliaji wako atuonyeshe kwanza nani alimlipa mpiga ramli.